Tulivyoipikia Reli Pilau

Alhamisi, Disemba 1956. Joto, na hakuna hata upepo wa kupeperusha leso kambani.

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza ili huko mbele nisije nikajifanya mtu mpole. Nimekasirika tangu asubuhi, sasa magharibi imeshaadhiniwa, na hasira iko palepale. Mikono inanuka kitunguu na moshi. Nimeiosha kwa ndimu, nimeiosha kwa sabuni, inanuka vilevile, na kila nikiisogeza kwenye karatasi naiona ile sufuria.

Pilau ilitoka nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Treni haitafika Mikoroshini. Itaishia Mabawa, itageuka, itarudi zake mjini, na sisi wa huku juu tutaendelea kuzikanyaga njia kwa miguu kama tulivyozoea. Na aliyeizuia si Mzungu wala si ofisi ya reli. Tumeizuia sisi wenyewe, kwa adabu zetu, huku tumevaa nguo za sikukuu.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitatukana.

Reli inapita nyuma ya nyumba yetu. Magari moshi makubwa ya Korogwe na Moshi hupita hapa bila hata kupunguza mwendo. Nyumba inatikisika, vikombe vinagongana kabatini, yamekwisha. Mwaka huu likaja neno kutoka mjini kwamba wakubwa wa reli wanafikiria gari moshi dogo, la mabehewa machache, la kuwaingiza watu wa pembeni mjini asubuhi na kuwarudisha jioni. Litoke stesheni, lipite Nguvumali, lipite Mabawa, na ikionekana huku mbele kuna watu wa kutosha, lisogezwe mpaka kwetu. Lilipofika neno hilo, Mikoroshini nzima ikageuka mabwana wa reli.

Kila mtu alikuwa na wazo lake. Jumbe, ambaye ni ami wa mume wangu, alitaka stesheni ya mawe yenye bati jekundu na mabenchi, na benchi moja liwe la wazee tu. Vijana walitaka reli ichepuke mpaka Raskazone, wapate kwenda kuoga baharini bila kuchoka. Wengine walisema kwa nini zisichukuliwe zile toroli za shamba la mkonge, zikaunganishwa na reli kubwa, zikazunguka vijiji vyote mpaka Pongwe na kurudi. Jirani yangu Mama Yohana, Mshambaa, mjane wa mtu aliyekuwa mkata mkonge, yeye huuza matunda soko la mjini. Alitaka behewa moja lisilo na viti kabisa, sakafu tupu, ili kina mama waweke matenga yao ya ndizi na machungwa na kukaa juu yake.

Mimi nami nilikuwa na langu. Alfajiri kuna kichwa cha treni kinachoshuka kutoka huko juu na mabehewa ya katani. Kifungiwe behewa moja la watu nyuma, kisimame hapa kidogo, watu wapande. Hakuna haja ya bati jekundu. Hilo nililisemea jikoni, kwa sababu jikoni ndiko ninakoulizwa maoni.

Lakini mimi sikuitaka treni kwa ajili ya kuiona nzuri. Naitaka kwa ajili ya Zuhura.

Zuhura, mwanangu, amefaulu darasa la nne. Amepewa nafasi katika shule ya kati ya wasichana, mjini, na shule inafungua Januari. Hapa Mikoroshini hakuna msichana aliyewahi kuipata nafasi hiyo. Siku mwalimu alipokuja kutuambia, nilikaa chini mchangani na unga wangu mikononi, nikawa namtazama tu. Mimi nilisoma mpaka la tatu, nikatawishwa, nikawa mtu wa kuangalia ulimwengu kupitia tundu za ua. Kilichonibakia ni herufi hizi ninazoandikia hapa, na kushona kofia.

Baba yake si mtu mbaya. Leo ni kazi kuliandika hilo, lakini nimeliandika. Alilitafakari jambo, akatoa neno lake mbele ya kaka yangu na mbele ya Jumbe: treni ikija Mikoroshini, Zuhura atasoma. Isipokuja, mtoto wake wa kike hapiti njia ya reli gizani. Atawekwa ndani kama wenziwe. Neno likishasemwa mbele ya wanaume huku kwetu, basi limeshikamana kama saruji. Jumbe akaitikia kwa kichwa, na niliona ameitikia kwa raha. Jumbe ana jamaa yake Pangani anayemtafutia mwanawe mchumba, na jina la Zuhura limeshatajwa. Aliponigusia habari hiyo nilijifanya masikio yangu siku hizi hayasikii vizuri.

Kwa hiyo treni ikawa ndiyo shule. Nimeiombea dua treni hiyo kama mtu anavyomwombea mgonjwa.

Wiki iliyopita karani wa reli alikuja barazani kwa Jumbe. Nilikuwa upande wa pili wa ua, nashona, na nilimsikia kwa masikio yangu haya yasiyosikia vizuri. Alisema bwana mkubwa amemtuma bwana mdogo aje atazame. Atakuja Alhamisi alfajiri, atakaa pale njia ya miguu inapokata reli, aone ni watu wangapi wa huku wanaokwenda mjini kila siku. Mabawa pia atakaa, siku nyingine kabla ya hiyo. Kila mtu afanye anavyofanya siku zote. "Kama kawaida yenu," akarudia karani. Hata mtoto angeelewa.

Mikoroshini ikasikia jambo moja tu. Mgeni anakuja.

Karani hajafika hata kona ya msikiti, Jumbe alikuwa ameshasimama. "Mgeni apite hapa alfajiri akute watu wanampa migongo? Mimi ni jumbe wa watu gani? Wasio na wazazi?" Akaamuru palepale: Alhamisi haendi mtu kazini. Makuli wasishuke bandarini, wa shambani wasiende shambani, kina mama wasipeleke kitu sokoni. Wanaume wote kanzu safi na kofia, wakae uwanja wa nyuma ya msikiti wamsubiri mgeni. Vijana wa chuoni wapige dufu. Mbuzi wachinjwe. Na wanawake, bila shaka, wapike.

Jioni ile nilimwambia Baba Zuhura. Nilimwambia taratibu, kwa sauti ile anayoipenda. Nikasema huyo bwana anakuja kutuona tukienda. Tukikaa, ataona nini?

Akacheka. "Sasa we unataka mgeni aje atukute tunampa mgongo?"

"Naam. Mgongo ndio alioujia."

"Mwanamke we! Unamwomba mtu gari moshi zima na hujampa hata maji ya kunywa?"

Hapo aliniweza, na nitaeleza kwa nini. Ndivyo tulivyo. Ningekuwa naenda kumwomba mtu shamba, ningekwenda na sahani. Mtu akija kwangu na haja yake au na haja yangu, kwanza ale. Nimelelewa hivyo, mama yangu alilelewa hivyo, na maneno ya mume wangu yaliingia ndani yangu yakakuta mahali pake pameshaandaliwa. Nikafikiri labda yeye ndiye anayejua. Labda Mzungu akishiba ataongeza yeye mwenyewe kituo kimoja.

Kisha wakaja kina mama kuniambia kwamba sufuria kubwa ni yangu mimi, kwa sababu pilau yangu inajulikana mpaka Mabawa. Nikaona fahari. Nikakubali.

Jana Zuhura ndiye aliyetwanga viungo. Bizari, iliki, mdalasini, pilipili manga. Alikaa na kinu kati ya miguu akawa anaimba, na kila baada ya muda anasimama kuniuliza. Madirisha ya treni yanafunguka? Mtu akikaa dirishani moshi haumwingii machoni? Sare itachafuka? Nikamwambia atafunga leso juu ya sare na kuivua akifika. Akasema basi atakaa upande wa kulia, ili aione nyumba yetu kwa nyuma, maana hajawahi kuiona kutoka huko.

Alitwanga vizuri mno. Mikono yake mwenyewe.

Leo nilikuwa mafigani kabla ya adhana. Kutoka jikoni kwangu panaonekana pale njia inapokata reli, nami nimeshazoea kuitazama kila alfajiri nikichochea moto. Kwa kawaida saa hiyo njia imejaa. Wanaume wanashuka bandarini na makoti mabegani, mmoja anakohoa, mwingine amewasha sigara, wanasalimiana kwa sauti za usingizi. Wanafuata kina mama na matenga kichwani, na kicheko cha Mama Yohana unakisikia kabla hujamwona mwenyewe. Wako wa kwenda kuosha nguo za watu, wa kwenda hospitali, wa kwenda kuuza maandazi mlangoni mwa stesheni. Wanapita mpaka jua litoke.

Leo hapakuwa na mtu.

Kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, kikaja kutoka mjini, kikasimama. Akashuka kijana wa Kizungu, amevaa kofia pana, mwembamba, uso umeiva kwa jua. Karani akamwekea kiti cha kukunja. Akakaa, ameshika ubao wake na kalamu, akaitazama njia yetu. Mimi nikamtazama yeye. Kuku akakatiza reli. Baadaye akapita mbuzi jike wa Mama Yohana, amekata kamba, anaelekea upande wa mjini. Sijui kama alimwandika. Nyuma ya msikiti watu wote wa Mikoroshini walikuwa wamekaa kwa mistari, kanzu nyeupe pee, wamenyamaza, wanangoja kuitwa.

Nilisimama na mwiko mkononi. Nilitaka kutupa mwiko, kuvaa buibui, kuteremka njia ile peke yangu mbele ya macho yake, nirudi kwa nyuma ya migomba, niteremke tena. Kweli nililifikiria hilo. Kisha nikasikia maji yanakauka sufuriani, nikasema mchele utaungua.

Nikageuka nikaufunika mchele.

Jua lilipopanda, Jumbe aliona mgeni ameshapumzika vya kutosha. Akatoka na wazee, dufu zikaanza, wakamwendea yule kijana pale alipokaa, wakamshika mkono, wakamleta uwanjani. Maskini alikuwa anaona haya. Alikalishwa kwenye kiti cha Jumbe. Alipewa madafu, akapewa sinia yake peke yake. Alikula. Alikula akaongezwa, akala tena, jasho linamtiririka, na kila tonge wazee wanatazamana kwa kuridhika. Mama Yohana alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, amekaa mbele kabisa upande wa wanawake, mgongo wima, ili aonekane.

Aliponawa mikono alisimama akasema maneno yake kidogo. Karani akatafsiri. Nitayaandika kama yalivyotoka.

"Bwana anashukuru sana. Anasema hajawahi kupokewa hivi mahali popote. Anasema amefurahi kuona watu wa Mikoroshini mna raha zenu, mnazo kazi zenu hapahapa, hamna taabu ya kwenda mjini kila siku kama wenzenu wa Mabawa. Atawaambia wakubwa wake kwamba gari moshi lifike Mabawa, na ninyi msisumbuliwe."

Wakapiga makofi.

Naapa. Walipiga makofi. Jumbe alipiga, Baba Zuhura alipiga, wanaume wanaotembea mpaka bandarini kila siku ya Mungu na kurudi miguu imevimba, walipiga makofi kwa furaha kwa sababu wamesifiwa kwamba wana raha. Nilitazama nyuso zao nikafikiri labda mimi ndiye sikusikia.

Nilikuwa nyuma, upenuni, kwenye masufuria. Nikapaza sauti. Sijawahi kupaza sauti mbele ya wanaume maisha yangu yote, na haikutoka vizuri, ilitoka nyembamba. "Bwana karani! Mwambie sisi tunakwenda mjini kila siku! Leo tumezuiwa!"

"Nani huyo anapiga kelele huko sufuriani?" Jumbe akauliza, na watu wakacheka.

Mzungu akageuka. Akamwuliza karani jambo. Karani alinitazama, na nadhani alielewa, kwa sababu aliinamisha macho. Lakini alikuwa ameshiba, jua limekuwa kali, na kiberenge kinangoja. Alimjibu bwana wake kwa neno moja au mawili. Yule kijana akanitabasamia mimi, akajipigapiga tumbo, akimaanisha asante mama, nimeshiba. Alidhani nauliza kama anataka kuongezwa.

Wakamfungia na pilau nyingine kwenye majani ya mgomba, akale na wenziwe. Karani akaipakata. Kiberenge kikanguruma, kikaondoka. Pilau yetu imepanda gari la reli mpaka mjini. Sisi bado.

Na Mabawa! Mabawa hawakumpa yule kijana hata maji. Siku aliyokaa kwao walimpita wakamwacha na kiti chake, wengine hawakujua ni nani, kila mtu mbio na shughuli zake. Wao ndio wenye treni sasa.

Habari iliwaingia polepole. Adhuhuri kuli mmoja kijana, aliyepoteza ujira wa siku, akauliza kwa sauti, "Sasa hili gari tutalipandia wapi?" Jumbe akamwambia tutalipandia Mabawa kwa sasa, na muhimu ni kwamba mgeni ameondoka ameridhika. Niliwaona wakihesabu mwendo vichwani, kutoka hapa mpaka Mabawa, na kuona kwamba ukishafika Mabawa umeshatembea sehemu kubwa ya safari, huna haja tena ya treni. Mmoja mmoja wakainuka kwenda kubadili kanzu.

Mama Yohana alikuja kunisaidia kusugua masufuria, na gauni lake lilelile. Alisugua moja mpaka ikang'aa. Kisha akasema, "Ee Mulungu, dada. Tumemshibisha mpaka akatuona matajiri." Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati, akajifuta kwa mkono wenye masizi. Machungwa yake aliyoyafuata Muheza jana yamelala ndani, na kwa joto hili kesho nusu atawapa mbuzi. Hakumlaumu mtu. Mimi nalaumu kwa niaba yake.

Zuhura hakuambiwa. Alijua tu. Nilimkuta anaosha kinu, anakisugua ndani kwa jivu, na kinu hakioshwi hivyo. Nikamwambia kinatosha. Akasema, "Mama, kwani tungemnyima?"

Nimekaa na swali hilo mchana kutwa. Ningemwambia nini? Kwamba ndiyo, tungemnyima? Kwamba kuna wakati mtu anapaswa kumpita mgeni bila salamu, akimbilie kazini kwake na miguu yake michafu, na hiyo ndiyo heshima anayoitaka mgeni huyo? Sijui namna ya kumfundisha mtoto hilo. Mimi mwenyewe nimelijua leo.

Baba Zuhura alirudi baada ya alasiri, ametulia, anajipepea na kofia. Nikampa chai. Hakunitazama.

"Umesikia mwenyewe," akasema. "Haiji. Neno langu ni lile."

Nikamwuliza nani aliyeifanya isije.

"Mungu hakupenda."

"Mungu hakuja hapa kuniagiza nipike."

Akaweka kikombe. Ananijua, ananijua kuwa si mtu wa maneno hayo. Akaanza tena yale yale: njia ni ndefu, njia ina giza, mkonge pande zote mbili, mtoto wa kike yuko peke yake, watu watasema nini. Nilikuwa nimeyasikia mara nyingi na huwa nanyamaza. Leo, kwa ule uchovu, neno moja nikalisikia kama mara ya kwanza.

Peke yake.

Nikaona tena ile njia jinsi ilivyo kila alfajiri. Wale wanaume na makoti yao. Matenga. Waosha nguo, wauza maandazi. Kila mtu wa Mikoroshini yumo njiani mle saa ileile ambayo Zuhura angepita, wakati ule ambao bwana wa reli hakumwona hata mmoja wao. Na sisi ndani ya nyumba hii nasi hatujawaona. Tumekaa miezi tunaiombea treni ije imchukue mtoto, kana kwamba njia ile ni pori.

"Na wewe, Baba Zuhura," nikasema, "alfajiri unapokwenda kazini gatini, huwa unapita wapi?"

Akaendelea kujipepea.

"Nakuuliza tu. Unaruka?"

"Mimi natembea na wanaume wenzangu," akasema mwishowe. "Nitatembeaje na mtoto wa kike? Wataniona vipi?"

Nikamwambia watakuona baba. Akainuka, akavaa kofia, akaenda kwenye kahawa. Chai ameiacha nusu.

Na hapa ndipo hasira yangu iliporudi kuniuma mimi mwenyewe, maana hata mimi sikuwa nimelifikiria hilo mpaka lilipotoka kinywani. Baba mtu ana miguu miwili mizima. Anafika mjini kila siku kabla kengele ya shule haijalia. Mchana akitoka shule, Mama Yohana anakuwa anarudi na matenga matupu, na Mama Yohana huwezi kumpita njiani bila kumsikia. Haya yote yalikuwapo tangu mwalimu alipokuja na habari njema. Tukayaacha, tukaenda kuchinja mbuzi.

Lakini najua pia namna ya mume wangu. Nikimwomba, atakataa, kwa sababu ameshasema neno mbele ya Jumbe na mbele ya kaka yangu, na hawezi kulirudisha huku wao wanamtazama. Nikilia, ataleta wazee wanishauri, na wazee watakuja na yule mtu wa Pangani mfukoni. Kwa hiyo sitaomba. Sitalia. Nimewaza jioni yote na nimeshaamua, naliandika hapa ili nisije nikabadilika kukipambazuka.

Kesho namwendea Mama Yohana, yeye tu. Kisha nashona sare, nitaimaliza kabla ya mwaka kwisha. Siku shule inapofungua, nitamwamsha Zuhura mapema, nitamvika. Baba yake akitoka kuungana na wenzake, nitafungua mlango wa mbele, siyo wa uani, nitamtoa mtoto afuate nyuma yake. Sitasema neno. Njia itakuwa imejaa. Makuli watakuwapo, kina mama watakuwapo, na sare ni nyeupe, itaonekana hata gizani. Watageuka wamtazame, kisha watamtazama baba yake, wamngoje waone atafanya nini.

Anaogopa watu watasema nini. Basi wawepo wote, waseme.

Amfukuze mwanawe arudi nyumbani mbele yao, kama anaweza. Sidhani kama anaweza. Ni mtu mwenye haya, namjua. Treni nayo ije ikipenda, sisi tutakuwa tumeshapita.

Na kama ataweza kumfukuza, nitavaa buibui langu nitampeleka mimi, siku hiyo na kesho yake na kila siku mpaka amalize la nane, na hiyo chai ya alfajiri atajipikia mwenyewe.